Kabla hujapanda ndege, baba

Winnipeg, Kanada, mwezi wa pili

Mwanangu mpendwa,

Mfikishie babu shikamoo yangu kwanza, halafu rudi ukae, uisome barua hii taratibu. Juzi uliponitumia ile sauti ukiuliza, "Mama, hivi huko kuna nini zaidi ya barafu?" nilikuwa kituoni nasubiri basi na mdomo umekufa ganzi. Nilishindwa kukujibu. Leo nimetoka zamu ya usiku, chai nimekunywa, usingizi hauji. Karatasi zako zimetoka na tiketi nimekata, na sitaki ushuke kwenye ndege ukiwa na picha ya theluji peke yake kichwani.

Lakini nianze na hiyo baridi, maana hutaikwepa. Asubuhi hii ilikuwa nyuzi 31 chini ya sifuri. Baridi ikifika hapo, ukivuta pumzi vinyweleo vya puani vinashikana, na theluji ukiikanyaga inalia chini ya kiatu kama unatembea juu ya chumvi ya mawe. Magari ya hapa yana waya unaochungulia mbele, chini ya taa. Usiku mwenye gari analichomeka kwenye umeme kama wewe unavyochaji simu, ili injini ipate joto na asubuhi iwake. Mwezi wa kumi na mbili jua linachomoza karibu saa mbili na nusu asubuhi, na saa kumi na nusu jioni limeshazama. Mwaka wangu wa kwanza niliingia kazini gizani na kutoka gizani, nikadhani naumwa. Halafu ukifika mwezi wa sita, saa tatu na nusu usiku jua bado lipo, watoto wanacheza mpira nje na hakuna anayewaita ndani. Hapa mjini mito miwili inakutana, Red na Assiniboine. Sasa hivi yote imeganda, na watu wanateleza juu yake kwa viatu vyenye chuma, baba anamsukuma mtoto kwenye kigari. Nilikaa miaka miwili kabla sijathubutu kuikanyaga. Wewe nitakushika mkono.

Ukubwa wa nchi hii utakusumbua kuuelewa. Tanzania yote ingeingia Kanada zaidi ya mara kumi, lakini wakati sensa yetu ya 2022 ilihesabu watu milioni 61 na ushee, Kanada yote ilifika milioni 40 mwaka 2023. Na hao wengi wao wamejipanga kusini, karibu na mpaka wa Marekani, kama watu wanaoota moto. Shuleni ulifundishwa kwamba Ziwa Victoria ndilo linaloongoza Afrika. Ziwa Superior, ambalo Kanada na Marekani wanagawana, lina eneo kubwa kulishinda hilo. Kutoka hapa kwenda Churchill, pwani ya Ghuba ya Hudson, hakuna barabara. Unapanda treni, unalala humo, unaamka, unalala tena, na unashuka ukiwa katika jimbo hilohilo la Manitoba. Nimesimuliwa na wenzangu waliokwenda kuwaona dubu weupe. Mimi sijafika. Tutakwenda wote.

Ukiangalia ramani yenye nafasi kubwa namna hii, utasema ni nchi tupu. Hata wakubwa wamesema hivyo, tena kwa miaka mingi. Hapo ndipo nakuomba uwe makini.

Muulize babu habari za ngano. Unajua kwamba aliendesha kombaini kwenye mashamba makubwa ya Basotu, lakini sidhani kama aliwahi kukueleza mashamba yale yalitoka wapi. Miaka ya 1970 na 1980 serikali ya Kanada ilitoa fedha, mashine na wataalamu, ili tambarare za Hanang zilimwe ngano kama inavyolimwa huku. Zilichukuliwa ekari zipatazo 100,000, na zilikuwa malisho bora kabisa ya Wabarabaig, wafugaji wa huko. Nikiwa mdogo nilikuwa naona fahari babu yako akirudi na vumbi la ngano kwenye nyusi. Usiku mmoja alituambia, sauti chini, kwamba siku hiyo trekta zimepita palipokuwa na makaburi ya wazee wao, na kwamba mzee mmoja wa Kibarabaig alisimama kando ya shamba na fimbo yake tangu asubuhi hadi jioni, hakusema neno. Watu wa kijiji cha Mulbadaw walikwenda hadi mahakamani kudai ardhi yao. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaamua kwamba hawakuthibitisha haki yao, wakashindwa.

Sasa, majira ya joto ya kwanza hapa nilipanda basi kutoka nje ya mji nikaiona ngano, bapa, ya dhahabu, mpaka mbingu inapoishia. Machozi yalinitoka kwa kuikumbuka Hanang. Niliona nimefika kwenye shamba mama, kule kwetu lilikuwa tawi lake. Na nikajiuliza: hapa nako, nani alisimama kando na fimbo?

Nilitafuta jibu, baba, nikalipata, na ndilo ninalotaka uje nalo.

Mwaka 1670 mfalme wa Uingereza aliipa kampuni moja ya biashara ya manyoya, Hudson's Bay, ardhi yote ambayo mito yake inamwaga maji kwenye Ghuba ya Hudson. Mto Red huu ninaouona dirishani maji yake yanaishia huko, kwa hiyo na mahali ninapokaa pamo. Wenye ardhi hawakuulizwa. Miaka 200 baadaye kampuni ikaikabidhi ardhi hiyo kwa Kanada kwa pauni 300,000. Hapa Red River walikuwepo Wamétis, watu waliozaliwa kwa mama wa Kicree na Kianishinaabe, makabila ya wenyeji wa hapa, na baba za Kifaransa na Kiskoti, wenye lugha na desturi zao. Kiongozi wao kijana, Louis Riel, akakataa watu wake wauzwe kama magunia. Walisimamisha serikali yao, wakajadiliana, na Manitoba ikazaliwa kuwa jimbo mwaka 1870. Baadaye watu wake waliinuka tena magharibi zaidi. Tarehe 7 Novemba 1885 ulipigiliwa msumari wa mwisho wa reli ya kuvuka nchi. Siku tisa baadaye Riel akanyongwa mjini Regina. Kaburi lake liko hapa St. Boniface, mtaa wa wasemao Kifaransa, na mwezi huu Jumatatu ya tatu ni siku yake, ofisi zinafungwa. Mtu aliyenyongwa kwa uhaini leo ana sikukuu.

Kuna kitu kingine nataka ukione kwa macho. Tarehe 3 Agosti 1871, katika ngome ya mawe iliyo kaskazini mwa mji huu, Waanishinaabe na Wacree walitia saini mkataba wa kwanza na serikali baada ya kuzaliwa Kanada. Katika mkataba huo kila mtu wao aliahidiwa dola tatu kwa mwaka, na mwaka 1875 zikapandishwa kuwa tano. Ni tano mpaka leo. Kila mwaka kuna siku ya malipo, watu wanapanga foleni, afisa anakaa mezani, na mtu anapewa noti ya dola tano. Haitoshi sahani ya chipsi. Nilimuuliza mama mmoja kwa nini basi anahangaika kwenda. Akanijibu kwamba wakiacha kuichukua, serikali itasema mkataba umekufa.

Mama huyo ndiye ninayetaka ukutane naye kuliko mtu mwingine yeyote hapa. Ni mmoja wa wazee ninaowahudumia usiku. Ni Mcree, na wote tunamwita Kokum, yaani bibi, kama sisi tunavyomwita bibi kila mwanamke wa umri ule hata kama si wa ukoo wetu. Alikuwa na miaka sita walipokuja kumchukua. Nchi hii ilikuwa na shule za bweni, karibu 140 kwa hesabu rasmi, zikiendeshwa na makanisa kwa fedha za serikali. Watoto wa wenyeji zaidi ya 150,000 walipitishwa humo kwa zaidi ya miaka mia, na maelfu hawakurudi nyumbani. Ya mwisho ilifungwa miaka ya 1990, mimi nikiwa nimeshazaliwa. Kokum walimkata nywele siku ya kwanza, wakampa namba. Akisema Kicree anachapwa mkono. Siku moja likizo alirudi kwao, nyanya yake akamkumbatia akamwambia maneno, naye akabaki anamtazama. Hakuelewa. Anasema nyanya yake hakulia mbele yake. Alitoka nje akaanza kupasua kuni, na kuni zilikuwepo tele.

Waziri mkuu aliomba radhi bungeni mwaka 2008, na Tume ya Ukweli na Maridhiano ikaandika yote mwaka 2015. Tarehe 30 Septemba utawaona wanafunzi wenzako wamevaa fulana za rangi ya chungwa, kuwakumbuka watoto wa shule zile. Wewe vaa ukijua kwa nini.

Sasa uzeeni yale maneno yanamrudia Kokum, usiku, moja moja. Ananishika mkono ananiambia niyashike yasipotee tena. Tansi, ndiyo salamu. Nipiy, maji. Ukilijua hilo utasikia lilivyojificha ndani ya jina la mji huu, maana Winnipeg ni maji ya tope. Saskatchewan ni mto uendao kasi. Quebec ni mahali mto unapobanwa. Kanada yenyewe, alivyolisikia Mfaransa Jacques Cartier mwaka 1535, lilikuwa neno la kawaida tu la kijiji. Na kaskazini kabisa kuna watu ambao mmoja wao anaitwa Inuk na wengi wanaitwa Inuit, yaani mtu na watu. Mwaka 1999 walipata eneo lao la kujitawala wakaliita Nunavut, ardhi yetu. Ramani nzima inaongea, baba, na wengi wanaipita kama viziwi.

Kitu kilichonifurahisha zaidi: Kicree nacho kina ngeli. Si nyingi kama zetu, ni mbili, ya vyenye uhai na ya visivyo na uhai. Nilimuuliza Kokum jiwe, asiniy, liko wapi. Akasema kwa wenye uhai. Nikacheka kwa furaha, kwa sababu maishani mwangu hapa hakuna aliyewahi kunielewa ninapojaribu kueleza ngeli. Tulikaa mpaka karibu alfajiri, mimi namtajia kiti, viti, mti, miti, yeye ananifuatisha.

Nilikuacha ukiwa na miaka tisa. Mimi nilichagua, mama yake Kokum hakupewa kuchagua, na sithubutu kuyaweka mambo hayo mawili kwenye mizani moja. Lakini miaka saba naijua uzito wake. Sauti yako imevunjika kwenye simu, sikuwepo. Kanisani tunasali na Wakongo wengi, Kiswahili chao cha Bukavu kitakuchekesha mwanzoni, watakuambia "niko nakuya" na utawazoea. Wiki iliyopita mama mmoja wao alimuuliza binti yake jambo kwa Kiswahili, mtoto akajibu Kiingereza. Mama akarudia. Mtoto akajibu Kiingereza tena, bila ubaya wowote, akiangalia simu. Yule mama alinyamaza, akaanza kukunja kitambaa ambacho kilikuwa kimeshakunjwa. Nikakumbuka zile kuni.

Kwa hiyo sheria ya nyumbani kwangu naiandika hapa ili usiseme hukuijua. Shuleni jifunze Kiingereza mpaka uwashinde, na Kifaransa nacho, maana nacho ni lugha rasmi ya nchi hii na kina kazi. Ukivuka mlango wangu, ni Kiswahili. Babu akiwa kwenye simu, ni Kiiraqw, hata ukikosea.

Kuhusu mizigo: makoti usinunue huko, ya Arusha hayatakufaa kitu. Koti lako ninalo tayari, la bluu, nitakuwa nimelishika mkononi pale uwanjani. Niletee iliki, na nyama kavu usijaribu, watakunyang'anya. Iliki nataka kwa ajili ya Kokum. Ananisimulia habari za mkate wao wa bannock, unga, maji, mafuta na baking'i pauda, ni andazi kabisa ila halina sukari wala harufu, nami nimemwahidi atakula letu.

Na zile wiki tatu zilizobaki, chukua daftari, ukae na babu. Mwambie akutajie kila kilima, kila korongo, kila kisima kuanzia Katesh mpaka Basotu, jina la Kiiraqw na jina la Kibarabaig analolijua, na uandike kama anavyotamka. Kokum aliniuliza mlima wetu unaitwaje. Nilimwambia, Hanang. Akaniuliza maana yake. Nilikaa kimya. Muulize babu, na kama naye hajui, mwambie akupeleke kwa Wabarabaig mkaulize.

Nakusubiri.

Mama yako