Barua ya wazi kwa Waziri wa Mazingira wa Kaunti: kabla ya kupanda mikoko, tazama matope

Mheshimiwa Waziri,

Salamu kutoka Mikindani. Mimi ni mwalimu wa baiolojia, na kila mwaka huwapeleka wanafunzi wangu kwenye mikoko ya hori ya Tudor siku za bamvua, maji yakishakupwa kabisa. Safari iliyopita tulibeba gilasi mbili za kawaida za jikoni na kijiko. Gilasi moja tuliijaza matope ya mbali na makazi, kule ambako mikoko bado imeshikana. Ya pili tuliijaza chini ya mtaro unaoteremsha maji taka ya mtaani.

Gilasi ya kwanza ilikuwa na ngozi nyembamba ya kahawia juu, inayometameta ikipigwa na jua, kisha tope la kijivu, halafu chini kabisa tope jeusi. Ya pili ilikuwa na utando wa kijani unaoteleza kama kamasi, na weusi ulianzia papo hapo chini yake. Msichana mmoja aliinusa, akarudi nyuma. "Mwalimu, yai viza!"

Nakuandikia kwa sababu ya gilasi hizo mbili.

Ile ngozi ya kahawia ni mwani wadogo mno, diatomu, kila mmoja ndani ya gamba lake la kioo. Maji yakikupwa hupanda juu kutafuta jua, na yakikaribia kujaa hujizamisha tena ndani ya tope. Ndio malisho ya kaa na konokono, na ya mkizi anayeingia na maji ya kujaa. Milimita chache chini yao oksijeni huwa imekwisha, na kazi hushikwa na bakteria wanaoishi bila hewa. Wengi wao hutumia salfeti, chumvi yenye salfa iliyomo kwenye maji ya bahari, na ndio wanaotoa harufu ile ya yai viza. Nilimweleza yule msichana kwamba harufu peke yake si ugonjwa, tope lolote la mikoko linayo. Ila si kawaida ikutane na pua yako tope likiwa bado halijachimbwa. Bakteria hao huozesha majani na mizizi polepole sana, na kwa ajili ya upole huo tope la mikoko hutunza kaboni kwa mamia ya miaka.

Nimesikia mara nyingi, hata kwa watu wenye nia njema, kwamba mikoko ni chujio la bure na kwamba maji taka ni mbolea yake. Kuna ukweli ndani yake. Wapo bakteria wanaoichukua nitrati, kirutubisho chenye naitrojeni, na kuigeuza kuwa gesi ya naitrojeni, ile ile iliyojaa kwenye hewa tunayovuta. Amonia inayoshuka na maji ya vyooni, ikikutana na oksijeni juu ya tope au kwenye kuta za mashimo ya kaa, hugeuzwa na bakteria wengine kuwa nitrati, kisha nayo ikaondolewa. Ni kazi kubwa na hatuilipii. Lakini mzigo ukizidi, bakteria hao huachia pia oksidi ya nitrasi, gesi inayopasha dunia joto zaidi ya mara 200 kuliko kiasi kile kile cha kabonidayoksaidi. Na kuna jambo la pili ambalo mimi naliogopa zaidi.

Huko Plum Island, jimbo la Massachusetts, Marekani, kuna vinamasi vya chumvi, mbuga za majani zinazofunikwa na bahari maji yakijaa. Kuanzia 2004 watafiti walitia nitrati kwenye maji yanayoingia katika baadhi ya vihori vyake, mwaka baada ya mwaka. Linda Deegan na wenzake walitangaza matokeo mwaka 2012. Majani yalistawi, mtu akipita angesifu. Chini, mizizi ilipungua, na bakteria walipopata nitrati ya kupumulia pasipo na oksijeni, waliozesha kwa kasi kile kilicholishikilia tope. Kingo za vihori zikapasuka, zikamomonyoka na kuangukia majini.

Watafiti wengine walirudi hapo hapo kuchunguza bakteria wenyewe, na matokeo ya 2016 ningependa uyasome kwa makini, Mheshimiwa. Ukihesabu bakteria wote waliomo kwenye tope, lililorutubishwa na lisilorutubishwa yanakaribia kufanana. Ukihesabu wale walio kazini tu, tofauti inajitokeza: kwenye tope lililorutubishwa aina nyingi zaidi zimelala, na zinazofanya kazi ni chache. Mtu anaweza kupima tope kama hilo na kuandika kwamba liko salama.

Najua mkoko si jani la kinamasi, na Tudor si Massachusetts. Lakini mwaka 2009 ulitolewa utafiti wa mikoko ya nchi mbalimbali iliyotiwa mbolea kwa makusudi, na miti iliyopewa naitrojeni ilikufa zaidi mahali penye chumvi kali na mvua haba, kwa kuwa ilikuza matawi kuliko mizizi. Karibu nasi, Dar es Salaam, kwenye maeneo madogo ya mikoko yaliyokuwa yakimwagiwa maji taka kwa majaribio, wale kaa wadogo wenye gando moja kubwa walishiba haraka kwa wingi wa mwani, wakafukua tope kidogo kuliko wenzao wa kwenye maji safi. Kaa asipofukua, oksijeni haishuki. Wanafunzi wangu walihesabu mashimo ya kaa ndani ya kamba ya mita moja kwa mita moja. Chini ya mtaro walimaliza kuhesabu upesi mno.

Misitu ya hori hii imeumia sana tangu miaka ya 1990, kwa shoka na kwa tope lililoletwa na mvua za El Niño za 1997 na 1998. Kwa hiyo nafurahi kila nikiona watu wakipanda miche. Nimepanda pia, nikiwa na matope magotini. Ila hesabu tunayopewa ni ya miche iliyopandwa. Sijawahi kuona ubaoni wala kwenye ripoti hesabu ya kilichomo kwenye tope tunamoipanda.

Katiba yetu imekabidhi kaunti huduma za maji na usafi. Kifungu cha 42 kinatupa haki ya mazingira safi, na cha 35 haki ya kupata habari. Basi naomba amonia, nitrati na fosfati (kirutubisho kingine cha maji taka) zipimwe kwenye kila mtaro unaoingia horini, wakati wa kaskazi na wakati wa kusi, na tena baada ya mvua kubwa za masika, kisha majibu yabandikwe tunapoweza kuyasoma. Tope nalo lipimwe, mizizi yake na kina cha oksijeni yake. Upandaji mpya usifanyike chini ya mtaro wowote mpaka maji yake yawe yameelekezwa kwenye mabomba ya kusafishwa, na bajeti ya mabomba hayo isomwe siku moja na ile ya miche. Malori ya kunyonya maji taka yapewe mahali halali pa kumwaga, palipo karibu, ili dereva asishawishike na giza.

Bamvua ijayo tutashuka tena horini na gilasi zetu. Nakualika uje nasi, pamoja na mtaalamu wako wa maji. Viatu vya mpira tutakuazima, na yule msichana ameomba awe yeye wa kukushikia gilasi ya pili.

Wako kwa heshima,
Mwalimu wa baiolojia, Mikindani, Mombasa