Redio ya askari ipimwe kwa vumbi letu na mvua yetu

Ndugu Mhariri,

Wiki iliyopita niliingia duka moja karibu na soko la Mbuyuni, hapa Moshi, kutafuta betri. Kijana wa dukani akaniamkia, kisha akanionyesha simu yenye stika ya "kiwango cha kijeshi". "Mzee, hii hata ikianguka ghorofani haifi." Simlaumu, anauza kama alivyoelezwa. Lakini nimetengeneza redio za jeshi kwa miaka 22, na maneno hayohayo niliyaona kwenye maboksi ya redio zilizoniumiza sana moyo.

Kiwango chenyewe ni cha Wizara ya Ulinzi ya Marekani, MIL-STD-810, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1962. Toleo la H ni la 2019. Wengi hudhani ni mtihani mmoja wa kufaulu au kufeli. Sivyo. Ni kitabu kinene cha namna za kupima: joto, baridi, mvua, vumbi, ukungu wa chumvi, kuvu, mtetemo, kuanguka, hewa nyepesi ya mwinuko. Na kabla ya vipimo vyote hivyo, kinamtaka mpangaji wa vipimo aandike maisha ya kifaa tangu kinapotoka kiwandani: kitasafirishwaje, kitalala wapi, nani atakishika. Vipimo vinachaguliwa kutokana na maisha hayo. Hakuna ofisi ya serikali ya Marekani inayotoa cheti chake, kwa hiyo muuzaji anaweza kupima mambo mawili tu akabandika stika.

Redio ninazozisema zilikaa kwanza ndani ya kontena la chuma, juani, mwezi Februari. Kitabu kile kinaeleza kwamba katika nchi zenye joto kali, hewa ikifika nyuzi 49 za Selsiasi, kilichofungiwa ghalani au juani kinaweza kufika 71. Sisi tulikuwa tunasoma kipimajoto cha kivulini. Kisha zikapakiwa nyuma ya lori, barabara ya vumbi siku nzima, na masika ilipoanza zikaingia msituni. Ndani ya wiki mbili zikaanza kurudi mezani kwangu moja baada ya nyingine.

Nilipofungua ya kwanza nilikuta vumbi laini kama unga wa muhogo limejipanga chini ya mpira wa kuzuia maji. Joto lilikuwa limeukausha mpira, mtetemo umelegeza skrubu, vumbi likapata njia, na mvua ikafuata njia ileile. Nikaomba ripoti ya vipimo. Vumbi: imefaulu. Mvua: imefaulu. Ila redio iliyopigwa vumbi ilikuwa moja, na iliyonyeshewa ilikuwa nyingine, mpya kabisa. Hata kuangusha ni hivyo: kifaa cha kubebwa mkononi huangushwa mara 26 kutoka sentimita 122, kwa kila uso, kila ukingo na kila pembe, na mpimaji anaruhusiwa kuzigawa kwa vifaa hadi vitano. Askari wa doria ana redio moja.

Ombi langu kwa wanaonunua vifaa vya askari, wa jeshi na wa hifadhi pia, ni kwamba ukurasa wa maisha ya kifaa uandikwe kabla ya zabuni kutangazwa. Kilomita ngapi za vumbi, gari gani, usiku wa baridi kiasi gani. Redio ileile ipitie joto, mtetemo, vumbi, halafu mvua, kwa mpangilio huo. Na maana ya kufeli iandikwe mapema, nalisisitiza sana hili. Redio mojawapo ya zile iliwaka taa yake ya kijani usiku kucha, lakini sauti haikutoka. Kwa mpimaji wa maabara taa ikiwaka anaweza kusema inafanya kazi. Vijana walikaa hadi alfajiri wakisubiri jibu.

Tena tuna mlima, Kilimanjaro. Mpwa wangu ni "mgumu", yaani mpagazi, hubeba mizigo ya wageni njia ya Machame. Ananiambia pale kambi ya Barafu betri ya redio huilaza ndani ya koti ili isife kwa baridi, na redio iliyoganda ikiingizwa kwenye hema la jikoni hutoa jasho hadi ndani ya kioo. Kutoka mjini hadi mita 5,895 kifaa kinapita msitu wa mvua, jangwa la juu na barafu, na kileleni kanieneo ya hewa ni kama nusu ya ile ya pwani. Redio zilizotoka maabara zipandishwe huko, zishikwe na askari waliovaa glavu. Mlima hauchukui nafasi ya maabara, maana hali ya hewa ya jana huwezi kuiita tena leo upime upya. Kwa maabara, TEMDO, shirika la umma la usanifu wa mitambo, na Chuo cha Ufundi vyote viko Arusha. Waulizwe kama wanaweza kuunda sanduku la vumbi na meza ya mtetemo.

Ule mpira wa redio ya kwanza bado ninao, kwenye kopo la kahawa, na vumbi lake. Ofisa yeyote wa ununuzi anayetaka kuuona, nitamfungulia.

Fundi redio mstaafu,
Pasua, Moshi