Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti, chama chetu cha madereva waongozaji wa safari

Ndugu wanachama, poleni na mvua. Mkutano mkuu tuliitana saa 3 asubuhi tukaanza saa 6 kasoro, tukiwa 19 kati ya 84, na wengine kati ya hao 19 walikaa mpaka pilau tu wakaondoka. Kwa hiyo naandika, asije mtu akasema hakuambiwa.

Shughuli za kawaida mnazijua. Semina ya huduma ya kwanza ilifanyika, misiba mitatu tulizika, wagonjwa tuliwaona, fulana zimetoka (najua zinabana). Tusonge.

Suala la usiku. Ule uamuzi wa Agosti, kwamba aliyeendesha gemu draivu ya usiku, yaani kuzungusha wageni kuangalia wanyama, kesho yake asitoke alfajiri, nimesemwa nao sana, eti mwenyekiti anazuia tipu za watu, eti nimezeeka naona wivu. Wazee, mimi nimeendesha Manyara usiku wakati baadhi yenu bado mnaosha magari. Hesabu wenyewe: saa 12 asubuhi uko getini, unazunguka na mgeni mpaka jioni, saa 2 usiku unamchukua tena na askari wa hifadhi na bunduki yake, unarudi saa 5, unafuta vumbi kwenye gari, unajitupa kitandani saa 7, saa 10 na nusu mpishi anakugongea ubebe boksi za chakula. Mwenzetu mmoja, simtaji na sasa hivi anacheka mwenyewe, alisinzia mchana kweupe, Kruza ikaingia mtaroni taratiiibu kama inapaki, wageni wamesimama paa liko wazi wanapiga picha twiga, mmoja akamuuliza kama tumesimama hapa kuangalia ndege. Aliyeenda kuvuta ni mimi, gari langu, mafuta yangu, na hela ya mafuta sijarudishiwa mpaka leo.

Na nyie mnaosema usiku ni mchana uleule umeongeza taa, hapana. Mchana masharubu yuko chini ya mti kalala, maana simba anaweza kulala mpaka masaa 20 kwa siku, utamweleza mgeni nini zaidi ya mkia. Usiku ndio unamkuta kiboko nje ya maji anakula nyasi, nungunungu anakatiza barabara, kanu yule kama paka mwenye madoa, komba juu ya mgunga macho mekundu kama ncha ya sigara. Ila hapo dereva lazima uwe timamu. Tembo na twiga humuliki machoni, simba akiwa anawinda taa unageuza pembeni, maana ukimmulika swala anaduwaa haoni mbele na hapo umeshamuuza. Mtu aliyechoka hayo hafanyi, anamulika tu alale mapema. Ndio maana nikanunua filta nyekundu 12 za kuvika kwenye taa zipunguze ukali, laki 4 na ushee, risiti anayo mweka hazina na kamati ilijua, angalau wale waliopokea simu.

Kuna aliyeuliza mbona tusipeleke wageni usiku kila mahali. Kaka, kreta ya Ngorongoro saa 12 jioni unatakiwa uwe umeshapanda, basi. Hata wenzetu wa Kenya, ndani ya Maasai Mara yenyewe usiku hakuna, wanaenda kwenye konzavansi, yaani hifadhi za jamii na za watu binafsi zilizo pembeni. Mmoja wetu akivuruga pale tunaporuhusiwa tutafungiwa wote.

Ada sasa. 5,000 kwa mwezi, watu 84, mwaka mzima ilitakiwa 5,040,000. Imeingia 2,310,000. Waliomaliza ni 31, kuna waliolipa kidogo kidogo, waliobaki hata shilingi. Na hao hao gari likikwama ndio wa kwanza kunipigia, saa 8 usiku, "mwenyekiti upo?" Nipo. Sijui nitakuwepo mpaka lini kwa hali hii, na akitokea anayetaka hiki kiti aje, fomu haina foleni.

Mwakani Mungu akipenda tuongee na makampuni usiku ulipwe posho yake tofauti, tuangalie pia habari ya ofisi na ikiwezekana gari la kuvuta wenzetu, tutaona hela itasemaje.

Halafu filta zilizorudi ni 9. Tatu mnajuana mlionazo, nazitaka kabla ya Juni.