Barua kwa Rukia: nondo waliotoboa joho

London, 12 Novemba

Mpendwa Rukia,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na shemeji pamoja na mtoto wetu mchanga. Habari ya joho la marehemu baba kukutwa limetobolewa begani imenihuzunisha sana, na kwa kuwa kazi yangu hapa dukani ni kusafisha na kutengeneza nguo za sufu, nimeona nikuandikie kwa kirefu badala ya kukujibu kwa maneno machache ya simu.

Unasema unawashuku wale wadudu wanaozunguka taa ya jikoni. Hao sidhani kama ndio. Nondo wa nguo huikimbia nuru. Ukiinua nguo aliyojificha, mara nyingi utamwona akikimbilia mikunjo yenye giza kuliko kuruka. Ni mdogo mno, urefu wake ni kama milimita 6 au 7 akiwa amekunja mbawa, rangi yake ni ya dhahabu iliyofifia, na kichwani ana vinywele vya rangi nyekundu ya kutu. Wanaoizunguka taa ya jikoni kwa kawaida ni nondo wa nafaka, kwa hiyo kagua unga, mchele na njugu zako, lakini usiwatwishe dhambi ya joho.

Jambo la kushika zaidi ni kwamba nondo mwenye mbawa hali kitu, wala hana kinywa cha kutafunia. Anayekula ni kiwavi wake, mweupe kama maziwa na mwenye kichwa cha kahawia, ambaye hutoka katika yai lisiloonekana kwa urahisi na huweza kuishi mafichoni kwa miezi miwili tu palipo joto na chakula, au hata miaka miwili pasipo na neema hiyo. Jike mmoja hutaga mayai 40 hadi 50 hivi. Kwa hiyo kuwapiga wanaoruka kwa kiganja hakumalizi kitu, kwa sababu wengi uwaonao wakiruka ni madume, na majike wamekwisha kujibanza ndani ya nguo.

Kiwavi huyu ana uwezo ambao wanyama wachache wanao, yaani kuyeyusha tumboni protini iliyomo ndani ya sufu, nywele na manyoya. Hariri pia huiharibu. Pamba si chakula chake, na ndiyo maana kanga zako zilizokuwa kando ya joho zimesalimika zote. Hata hivyo, kanzu ya pamba yenye jasho au tone la mchuzi inaweza kutafunwa pale penye doa, na katika joho vilevile huanza na ukosi, kwapa na mabega, mahali ambapo jasho na mafuta ya mwili vimeganda. Tazama kandokando ya matundu: ukiona utando mwembamba kama wa buibui, au vijifuko vidogo vyenye rangi ya nguo yenyewe, ujue ni nondo. Ukikuta maganda ya kahawia yenye vinyweleo na hakuna utando wowote, huyo ni mdudu mwingine, yule mbawakawa wa mazulia, ingawa tiba yake haitofautiani sana na hii.

Sasa nakuomba usikilize kwa makini habari ya naftalini. Umeniandikia kwamba mama anataka kukutumia pakiti za vile vidonge vyeupe kutoka Mombasa, kama vile tulivyokuwa tukiviona kwenye masanduku ya bibi zetu. Tafadhali mshukuru na umwambie asitume. Katika nchi za Umoja wa Ulaya vidonge vya naftalini vimeondolewa sokoni tangu 2008, na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka kemikali hiyo miongoni mwa zile zinazoweza kusababisha saratani kwa binadamu. Kwenu lipo jambo zito zaidi: watu wengi wenye asili ya maeneo ya malaria, sisi wa pwani tukiwemo, wamerithi upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, na mtoto mchanga mwenye upungufu huo akivikwa nguo au akifunikwa blanketi lililohifadhiwa na naftalini, chembe zake nyekundu za damu zinaweza kuvunjika, akapata manjano kali ya ngozi na macho na kuhatarisha ubongo wake. Kuanika au kupitisha siku chache hakutoshi kuniondolea hofu. Kama kuna nguo za mtoto zilizokwisha kuja na harufu hiyo, zitenge leo.

Tuje kwenye joho lenyewe. Kwa kuwa lina nyuzi za dhahabu, usilifue kwa maji ya moto. Likunje kwa kulegeza, weka karatasi laini katikati ya mikunjo, litie ndani ya mfuko wa plastiki, toa hewa kadiri inavyowezekana na uufunge barabara. Kisha liweke kwenye friza lenye nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili kamili. Ukilitoa, usifungue mfuko mpaka limerudia joto la chumba, maana unyevu utaganda nje ya plastiki badala ya kulowesha sufu. Nguo za kawaida zinazostahimili maji ya nyuzi 60 zitasafika kwa kufuliwa tu. Zile zisizostahimili zipeleke kwa dobi wa kusafisha bila maji, kwani dawa yao huua mayai pia.

Lakini joho si chanzo. Umesema nyumba yenu ina zulia la sufu na tanuri la zamani lisilotumika. Anzia hapo. Sogeza kitanda na kabati, uinue ukingo wa zulia ukutani, kwa sababu viwavi hupenda mahali pasipokanyagwa wala kufagiliwa, penye vumbi la nywele na manyoya ya paka. Bomba la moshi likaguliwe pia, kwani kiota cha ndege kilichoachwa ndani yake hulisha kizazi baada ya kizazi cha nondo. Pitisha mashine ya kufyonza vumbi katika nyufa zote kila wiki, na mfuko wake uutupe nje ya nyumba siku hiyohiyo. Ikibidi kupuliza dawa kwenye kingo za zulia, soma maelezo yake kwanza, kwa maana nyingi zina permethrini, nayo ni sumu kali kwa paka.

Mitego ya gundi yenye harufu ya jike inafaa, ila ielewe kazi yake. Hunasa madume tu, kwa hiyo ni ya kukuonyesha chumba kipi kimeshambuliwa, wala haiwezi kumaliza viwavi. Mwaka 2017 English Heritage, taasisi inayotunza majengo ya kihistoria hapa Uingereza, iligawa mitego ya namna hiyo bure kwa wananchi ili ijue nondo wameenea wapi, na mimi naiona kuwa njia ya busara. Maua ya lavenda na vipande vya mierezi nguvu yake ni ndogo na harufu hupotea upesi. Ufukize udi kwa sababu unaupenda, usiutegemee kulinda sufu.

Kinga yenyewe ni usafi na kusumbua. Usihifadhi kamwe nguo ya sufu iliyovaliwa bila kusafishwa, hata kama ilivaliwa saa moja. Ikiwa safi, ifunge katika mfuko usiopitisha hewa, na kila baada ya miezi michache itoe, ikung'ute na uipige brashi kwenye mishono na chini ya ukosi. Mama zetu walipoanika masanduku juani waliwatimua viwavi wasiopenda nuru. Hapa jua haliaminiki, basi brashi ifanye kazi hiyo. Wala usipumzike wakati wa baridi, maana kipasha joto cha nyumba huwafanya wazaliane mwaka mzima.

Joho likishamaliza wiki zake mbili ndani ya friza, na si kabla, nitumie nilitililie. Kata uzi mfupi kutoka kwenye pindo la ndani na unipostie mapema, pamoja na picha ya tundu iliyopigwa pamoja na rula kando yake, ili nianze kutafuta sufu ya rangi inayolingana.

Wako akupendaye,
Zuhura