Ratiba na nauli za vyombo vya visiwani zibandikwe hadharani

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili niseme jambo ambalo limenikaa moyoni tangu likizo ya Desemba iliyopita, nilipofungasha begi la mgongoni na kwenda Mafia na visiwa vyake vidogo pamoja na mdogo wangu na mwalimu mwenzangu, kwa fedha ambazo mwalimu wa shule ya msingi anaweza kuzidunduliza bila kukopa. Naomba vyombo vyote vinavyovusha abiria kati ya bara na visiwa, vikubwa kwa vidogo, vitangaze siku, saa na nauli zake mapema na kwa maandishi, mahali ambapo abiria anapita kabla hajatoa fedha yake.

Sisi wakazi wa Dar es Salaam tunaishi na bahari bila kuijua. Jumapili tunakwenda Coco Beach, tunakula mihogo, tunatazama maji, kisha tunarudi nyumbani. Karibu kabisa na hapo vipo Bongoyo na Mbudya, visiwa ambavyo pamoja na Pangavini na Fungu Yasini vimetengwa kuwa maeneo ya hifadhi tangu mwaka 1975, lakini mtu aliyezaliwa Manzese anaweza kufikisha miaka 40 bila kuvikanyaga, akiamini kwamba visiwa ni vya wageni na wenye nacho. Nami niliamini hivyo hadi nilipokaa chini nikapiga hesabu ya basi, chombo, chumba cha gesti na chakula cha mama lishe, nikaona kwamba siku tano za Mafia zinaweza kugharimu pungufu ya sherehe moja ya kipaimara hapa mtaani kwetu.

Hesabu yangu ilikuwa sahihi isipokuwa kwa kitu kimoja. Tulipanda basi dogo Mbagala Rangi Tatu alfajiri, tukaifuata barabara ya Kilwa kupitia Mkuranga hadi Bungu, tukakata kushoto kuelekea Nyamisati, kwenye gati la kuvukia kwenda Mafia, na tulipofika gatini saa tano asubuhi tukaambiwa kwamba chombo kimeondoka na maji ya alfajiri. Tulipouliza kitaondoka lini kingine, mtu wa kwanza alisema jioni, wa pili alisema kesho, na wa tatu, ambaye alikuwa akikata tiketi kwenye daftari la shule, alisema tumpe fedha kwanza ndipo atuambie. Nauli aliyonitajia mimi haikuwa sawa na aliyomtajia mwenzangu aliyesimama hatua tatu nyuma yangu, na vijana wawili wa kigeni waliokuwa na mabegi makubwa walitajiwa nyingine kabisa.

Pale gatini tulimkuta mama mmoja wa kisiwa cha Jibondo aliyekuwa akirudi nyumbani baada ya kumtibia mwanawe mjini. Alikuwa amelala hapo usiku uliotangulia, juu ya kanga, mtoto akiwa amemlalia mapajani. Nilimuuliza kama hakupata mtu wa kumweleza chombo kingeondoka siku gani. Akanijibu kwa upole: "Mwalimu, sisi tunakuja tu. Tukikuta tunapanda, tukikosa tunalala." Nimeyakumbuka maneno hayo mara nyingi, kwa sababu mimi nilikuwa katika matembezi na kuchelewa siku moja kuliniudhi tu, ilhali yeye alikuwa katika safari ya lazima, na kila mlo alioununua pale gatini ulitoka katika fedha iliyobaki ya dawa.

Alasiri ikaja mashua yenye injini. Nakadiria kwamba watu waliopanda walikuwa 40, pamoja na magunia ya mchele na mabati, na nilipohesabu jaketi okozi zilizokuwa zimening'inia nyuma nikapata 11. Sisi tulikataa kupanda, tukalala katika chumba cha kupangisha. Yule mama alipanda, kwa kuwa hakuwa na fedha ya kukaa usiku wa pili. Siku iliyofuata tulivuka kwa chombo kizuri chenye nafasi ya kutosha, na kilichonisikitisha zaidi ni kwamba kilikuwa na viti vitupu. Laiti yule mama angejua kwamba kipo na kwamba kinaondoka saa ngapi, angesubiri nyumbani kwa ndugu zake Mbagala, akaja kwa wakati, akasafiri ameketi. Kwa rehema za Mungu tulimkuta Kilindoni, mji wa Mafia tuliposhukia, akiwa salama, mtoto akila embe.

Nieleze kidogo tulichokiona, ili wasomaji wajue ni nini wanachonyimwa na ukosefu wa karatasi moja ya tangazo. Kutoka Kilindoni tulichukua bajaji hadi Utende, tukalipa kiingilio cha Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, ambacho kwa raia ni kidogo kuliko kwa mgeni, kisha tukavuka kwa dau kwenda Chole. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1995 na ndiyo ya kwanza ya aina yake nchini, ikiwa na eneo la kilomita za mraba 822 ambamo wananchi wanaishi, wanavua na kusafiri kama walivyofanya babu zao. Chole ni kisiwa ambacho mtu anakizunguka kwa miguu katika asubuhi moja: kuna magofu yaliyofunikwa na mizizi ya miti, kuna mafundi wanaounda majahazi kwa mkono, na kuna popo wakubwa wanaoning'inia matawini mchana kutwa kisha jua likitua wakaruka kwa makundi, mbawa zao zikionekana wazi dhidi ya anga. Mdogo wangu, ambaye ni fundi seremala wa Keko, aliketi kwa saa mbili akimtazama mzee akichonga taruma la jahazi kwa tezo, na walipoanza kuzungumza juu ya mbao hatukuweza kumwondoa.

Kutoka Chole tulikwenda Juani kwa mashua ya mvuvi, kwa nauli tuliyoelewana naye mbele ya wenzake wote, tukatembea hadi Kua, mji wa kale ulioangamizwa na wavamizi wa Kisakalava waliotoka Madagaska mwanzoni mwa karne ya 19. Kuta za misikiti na za nyumba kubwa bado zimesimama katikati ya mibuyu. Nimefundisha historia ya mwambao kwa miaka 14 na nilikuwa sijawahi kugusa ukuta wa mji hata mmoja kati ya ile ninayoichora ubaoni, wala sijafika Kilwa Kisiwani, ambayo Ibn Battuta aliitembelea mwaka 1331 na ambayo iko umbali mfupi tu wa mashua kutoka Kilwa Masoko. Nilisimama pale Kua nikawaza ni watoto wangapi wa darasa langu watakaomaliza shule wakijua majina ya miji hii bila kuiona, wakati basi la kuelekea huko linapita mbele ya geti la shule yao.

Siku ya nne, Kilindoni, tulichangia gharama ya boti na wageni wengine watano tukaenda kumtazama papa potwe, ambaye huonekana karibu na pwani ile kuanzia Oktoba hadi Machi. Ni samaki mkubwa kuliko wote duniani, mwenye madoa meupe mgongoni, na anakula viumbe vidogo vidogo vinavyoelea majini, hana habari na mtu. Alipita chini ya boti yetu taratibu sana, na hakuna aliyesema neno hadi mkia wake ulipotoweka.

Safari nzima ilimgharimu kila mmoja wetu shilingi 236,000, nauli za kwenda na kurudi, malazi, chakula, kiingilio na mchango wa boti vikiwemo. Kati ya hizo, shilingi 31,000 zilikwenda katika siku moja ya kusubiri gatini. Kwa mtu anayesafiri kwa kudunduliza, hiyo ni karibu gharama ya siku moja ya kisiwani.

Nimewahi kuwasikia watu wenye vyombo wakisema kwamba bahari haina ratiba, na kwamba Nyamisati ina mikondo ya kina kifupi katika delta ya Rufiji, kwa hiyo chombo huondoka maji yanaporuhusu. Sehemu ya pili ni kweli kabisa. Lakini hiyo ndiyo sababu ratiba inawezekana, kwa kuwa maji hayaendi kiholela. Kila siku hujaa yakiwa yamechelewa kwa takriban dakika 50 kuliko jana yake. Bamvua, yaani maji yanayojaa na kupwa sana, huja baada ya mwezi kuandama na baada ya mwezi mpevu, na maji mafu, yaani yanayojaa na kupwa kidogo, huja mwezi unapokuwa nusu. Jedwali la kupwa na kujaa huchapishwa kwa mwaka mzima kabla mwaka wenyewe haujaanza. Nahodha mmoja mzee niliyeketi naye Kilindoni, ambaye hajawahi kuliona jedwali hilo, alinitajia kwa kuhesabu vidole saa ambayo chombo kingeweza kutoka katika kila siku ya juma lililofuata, nasi tuliporudi bara tulikuta hesabu yake haikupishana na ukweli hata kwa nusu saa. Kama mzee anaweza kuihesabu akiwa ameketi juu ya boya la nyavu, ofisi yenye kompyuta inaweza kuiandika kwenye karatasi na kuibandika ukutani. Kinachobaki bila kujulikana ni upepo, hasa wakati wa kusi, yaani msimu wa upepo wa kusini, na upepo ukizuia safari, mstari mmoja wa kusema kwamba safari imeahirishwa hadi tarehe fulani unatosha.

Suala hili lina uzito kuliko usumbufu wa watalii wa ndani. Tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander I ilizama kati ya Unguja na Pemba ikiwa imejaza watu kupita kiasi, na mamia wakafa. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka Ziwa Victoria kikiwa kimekaribia kabisa gati la Ukara, nacho kilikuwa kimezidisha abiria, na zaidi ya watu 200 wakapoteza maisha. Kila mara tunawalaumu manahodha na wakatisha tiketi, na lawama hiyo ni ya haki. Hata hivyo tunasahau kujiuliza kwa nini abiria mwenye akili timamu anapanda chombo ambacho kwa macho yake anaona kimejaa. Anapanda kwa sababu hajui kingine kitakuja lini. Mtu mwenye uhakika kwamba kesho saa mbili kuna chombo chenye nafasi hana sababu ya kujibanza leo.

Anayekwenda Unguja hana tatizo hili, kwa sababu saa za boti za mwendo kasi zinajulikana na tiketi inakatwa mapema. Treni ya umeme ya kwenda Dodoma iliyoanza mwaka 2024 inaondoka kwa saa iliyoandikwa. Daladala la Gongo la Mboto lina rangi ya njia yake ubavuni, na nauli yake imepangwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, na kutangazwa nchi nzima, kiasi kwamba kondakta akizidisha shilingi 100 abiria wote wanapaza sauti. Abiria wa Jibondo, Chole, Bwejuu, Songo Songo na Kilwa Kisiwani analipa kodi ileile, na anastahili kupaza sauti akiwa na karatasi ya kunyooshea kidole.

Kwa hiyo ninaiomba TASAC, ambayo imepewa kazi ya kusimamia usalama na huduma za usafiri majini, ishirikiane na halmashauri za wilaya zenye visiwa na wamiliki wa vyombo ili kila mwisho wa mwezi ubandikwe ubao wenye jina la chombo, tarehe na saa za kuondoka kwa mwezi unaofuata, nauli ya mtu mzima, ya mtoto na ya mzigo, pamoja na idadi ya abiria ambayo chombo kimeruhusiwa kubeba. Ubao huo uwekwe kwenye magati ya pande zote mbili, na mmoja uwekwe Mbagala Rangi Tatu, mahali ambapo msafiri wa kusini bado ana nafasi ya kurudi nyumbani kwa nauli ya daladala. Taarifa hiyohiyo itumwe kwa redio za jamii na kwa ujumbe wa simu kwa yeyote atakayeiomba. Rangi, ubao na mtu mmoja wa kuandika havihitaji kusubiri bajeti ya mwaka wa fedha.

Walimu sita wa shule yetu wameniomba niwaongoze Mafia katika likizo ya Juni, wawili kati yao wakiwa na watoto wadogo. Utakuwa msimu wa kusi, na bahari itakuwa na mawimbi. Malazi nimeshayaulizia, na mvuvi wa Chole ameahidi kutupeleka Juani. Wanachoniuliza kila tunapokutana katika chumba cha walimu ni siku na saa ya chombo cha kuvukia kutoka Nyamisati, na hadi ninapoandika barua hii nimempigia simu mtu mmoja gatini mara nne na nimepewa majibu manne.

Msomaji wako,
Mwalimu wa shule ya msingi,
Mbagala, Dar es Salaam