Watani wangu wa Duke wapewe haki yao

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu wa Morogoro, aliyeandika baada ya drafti ya NBA ya Juni 2025 (siku timu za kulipwa za Marekani zinapochagua vijana wapya) kwamba timu ya mpira wa kikapu ya Chuo Kikuu cha Duke inanunua majina tu, na kwamba ukimtoa nyota wao Cooper Flagg hapo hakuna timu.

Kwanza nijitambulishe, asije akadhani nimetumwa. Mimi ni mshabiki wa Chuo Kikuu cha North Carolina, wale wa Chapel Hill wanaovaa samawati. Duke ni wale wa Durham wenye buluu iliyokoza, na jina lao la utani ni Mashetani wa Buluu. Kuna mama mmoja kanisani kwetu hakubali fulana yao iingie nyumbani kwake kwa sababu ya jina hilo tu. Kutoka chuo kimoja hadi kingine ni maili kama kumi za barabara ya 15-501. Anayejua Simba na Yanga wanavyoishi jirani pale Kariakoo ameshaelewa hali yetu.

Tatizo langu ni kazi. Ninatunza wazee majumbani, hapa Durham, na mzee ninayekaa naye jioni amesoma Duke. Wakicheza, televisheni haizimwi, na mimi nalipwa kukaa kwenye kiti cha pili. Kwa hiyo Duke nimeisoma kwa mshahara. Nimeitazama wakati nikiombea ifungwe, na mtu anayekuombea ufungwe huona vitu ambavyo mshabiki wako havioni.

Nianze na Februari 1, 2025, mechi yetu na Duke iliyochezwa Cameron. Huko nyumbani mlikuwa mmelala, maana ilianza saa nane na nusu usiku kwa saa za Tanzania. Cameron ni ukumbi wao mdogo wa mwaka 1940, unaingiza watu 9,314, wakati wetu wa Chapel Hill unachukua zaidi ya elfu ishirini na moja. Wanafunzi wao hulala kwenye mahema nje kwa wiki kadhaa wakisubiri mechi yetu, na mahali hapo wamepaita Krzyzewskiville, kwa jina la kocha wao wa zamani. Tulikwenda mapumziko tukiwa nyuma 47 kwa 25. Mechi iliisha 87 kwa 70, na hizo pointi kumi na saba zinatustiri. Uwanjani hali ilikuwa mbaya kuliko hapo.

Msomaji wa Morogoro atasema ni Flagg. Flagg alifunga 21, sikatai. Lakini atazame mkanda wa mechi ile aache kumfuata mwenye mpira. Katika wale watano wa kuanzia hakuna aliyekuwa chini ya futi sita na inchi tano. Gadi wao (gadi ni mchezaji wa nje anayeongoza mpira, kwa kawaida mfupi) Tyrese Proctor, kijana wa Australia, angecheza namba nne, nafasi ya warefu, kwenye timu nyingi za Dar. Gadi wetu wa msimu ule, RJ Davis, ana futi sita. Kwa kawaida timu ikitaka kumsumbua gadi mfupi humwekea mtu wa kumkaba, na sisi tunamkinga kwa mwenzake anayesimama njiani, yule mkabaji agonge mwili, Davis apate nafasi ya kutupa. Mpira wa kikapu wote wa leo umejengwa juu ya hicho kitu kimoja. Duke walikuwa hawahangaiki kukizunguka. Walibadilishana watu: wewe chukua wangu, mimi nachukua wako. Timu nyingine zikifanya hivyo hujikuta mrefu mzito amebaki na gadi mwepesi, au gadi mfupi amebaki na jitu chini ya kikapu, na hapo ndipo unapowaadhibu. Kwa Duke ukibadilisha mtu unampata mwingine wa urefu uleule na mikono ileile mirefu. Davis alikuwa akimkwepa mmoja anakuta kifua cha mwingine. Pasi zilizokuwa zinapita kwa timu nyingine, kwao ziligusa vidole.

Kipaji hakikuletei hicho bila mazoezi ya kuchosha. Vijana wa miaka kumi na minane, ambao kila mmoja tangu sekondari ameambiwa yeye ndiye nyota, walikuwa wakisema kila wakati uwanjani: nani anakwenda, nani anabaki. Mzee wangu huongeza sauti ya televisheni ili asikie kelele hizo za ulinzi. Mimi nilikuwa naona ni kero, mpaka nikaanza kuzisikiliza.

Sasa nije kwa Khaman Maluach, kwa kuwa ndiye anayetuhusu watu wa Afrika Mashariki, na magazeti ya nyumbani yamemwandika kama mnara wa simu: futi saba na inchi mbili, basi. Kijana alizaliwa Rumbek, Sudan Kusini, akakulia Kawempe, Kampala, familia yake ikiwa imekimbia vita. Mpira wa kikapu alianza akiwa na miaka kama kumi na mitatu, akachukuliwa na akademi ya NBA kule Senegal, na mwaka 2024 alichezea City Oilers ya Uganda kwenye ligi ya Afrika. Majira yaleyale ya joto akaenda Paris kwenye Olimpiki na Sudan Kusini, akiwa na miaka 17. Na kwenda kwake Duke si jambo lililoanguka kutoka mbinguni: Luol Deng, rais wa shirikisho lao la mpira wa kikapu, aliichezea Duke msimu wa 2003/04.

Watanzania tunalijua suala la mrefu. Hasheem Thabeet alitoka Dar akaenda Connecticut, akachaguliwa wa pili kwenye drafti ya 2009, na tangu hapo tukiona kijana mrefu tunamuuliza futi tu, hatuulizi anafundishwa nini. Jon Scheyer, kocha wa Duke, alimpa Maluach kazi chache. Weka kinga kwa mwenye mpira, kimbia kuelekea kikapuni, danki, yaani ruka uusukumize mpira kikapuni kwa mkono. Ukirudi nyuma, linda kikapu, na ikibidi toka nje umkabili gadi bila kumuogopa. Hakumlazimisha acheze mgongo kwa kikapu kama masenta wa zamani wakati mchezo huo hajaujua. Matokeo yake, Maluach alicheza kama dakika ishirini na moja kwa mechi, akafunga wastani wa pointi 8.6, na katika mitupo yake alitumbukiza zaidi ya asilimia sabini. Pointi 8.6 hazimshtui mtu. Phoenix, timu ya NBA, walimfuata wakampata akiwa chaguo la kumi, kwa sababu waliona mtu anayejua kazi yake.

Nikirudi kwa kocha, mimi ningefurahi sana kama Scheyer angeshindwa. Alipokea timu mwaka 2022 kutoka kwa Mike Krzyzewski, aliyekaa miaka 42 na kuchukua ubingwa wa taifa mara tano. Sisi ndio tuliomuaga Krzyzewski: tulimfunga 94 kwa 81 kwenye mechi yake ya mwisho Cameron, halafu tukamfunga tena 81 kwa 77 kwenye nusu fainali ya taifa kule New Orleans, na mechi hiyo ndiyo ikawa ya mwisho ya maisha yake ya ukocha. (Hilo mzee wangu halizungumzi. Namwachia heshima yake.) Kocha anayefuata baada ya mtu wa namna hiyo kwa kawaida humezwa na kivuli. Scheyer, ambaye hajafika hata miaka arobaini, alichukua ubingwa wa ACC, ukanda tunaochezea sote, msimu wake wa kwanza.

Lakini kilichonifanya nimheshimu ni kitu alichofanya baada ya kupoteza. Machi 2024 NC State iliwatoa 76 kwa 64, hatua moja kabla ya nusu fainali ya taifa, na jitu moja nene liitwalo DJ Burns liliwafungia pointi 29 likizunguka chini ya kikapu taratibu kama halina haraka ya kufika popote. Makocha wengi wangesema ni bahati mbaya. Scheyer aliivunja timu ile karibu yote. Wengi waliondoka, wakabaki wachache akiwemo Proctor, halafu akawaleta wanafunzi wapya warefu na kuwachanganya na watu wazima wa vyuo vingine: Sion James kutoka Tulane, Mason Gillis kutoka Purdue, Maliq Brown kutoka Syracuse. Hao hawakuwa majina ya kuuza fulana. Walikuwa wakabaji. Fedha ipo Duke, na Chapel Hill pia ipo, tena nyingi. Swali ni umeileta ifanye nini. Sisi mwaka huohuo tulibaki bila mrefu wa maana chini ya kikapu, na Duke walituonyesha matunda yake mara tatu, kila mara wakitufunga.

Ya tatu ndiyo jibu langu kamili kwa ndugu wa Morogoro. Ilikuwa Machi 14, 2025, Charlotte, nusu fainali ya ACC. Flagg alikuwa ameumia kifundo cha mguu siku moja kabla. Brown naye bega. Jai Lucas, kocha msaidizi aliyekuwa akisimamia ulinzi, alikuwa ameshaondoka kwenda kuwa kocha mkuu wa Miami. Yaani Flagg ameshatolewa hapo, kama ndugu alivyotaka. Wakatutangulia kwa pointi 24! Tulirudi, sikatai, tulirudi kwa ari niliyojivunia, mpaka zikabaki sekunde nne na mtupo huru wa kusawazisha ukaingia. Mwamuzi akaukataa, kwa sababu mwenzetu mmoja aliingia kwenye eneo lililo mbele ya kikapu kabla mtupaji hajauachia mpira. Tukafungwa 74 kwa 71. Kesho yake, bado bila Flagg, wakaifunga Louisville 73 kwa 62 na kubeba kombe.

Sitaki ionekane nimehamia upande wa pili, kwa hiyo niseme na udhaifu wao. Aprili 5, San Antonio, kwenye nusu fainali ya taifa, walikuwa mbele ya Chuo Kikuu cha Houston kwa pointi 14 kipindi cha pili, wakafungwa 70 kwa 67. Zikiwa zimebaki sekunde kama thelathini na tano walikuwa bado wanaongoza kwa sita. Houston ni watu wazima waliokaa pamoja, na walipoanza kusukumana chini ya kikapu, vijana wa Duke walipata kigugumizi. Maluach hakuondoka na ribaundi, yaani mpira uliokosa kikapu na kurudi, hata moja usiku ule. Scheyer mwenyewe, kwa maoni yangu, alichelewa kuwatuliza, na mpira wa mwisho aliuacha mikononi mwa Flagg peke yake wakati timu nzima ilikuwa imefika hapo kwa kugawana. Hata hivyo walimaliza msimu na ushindi 35 na vipigo vinne. Na wote watano wa kuanzia wakachaguliwa kwenye drafti: Flagg wa kwanza, Kon Knueppel wa nne, Maluach wa kumi, James wa 33, Proctor wa 49. Watano wote, ndugu yangu. Flagg ni mmoja.

Kwa msimu wa 2025/26 wao waliwaleta mapacha wa Boozer, ambao baba yao Carlos alichukua ubingwa na Duke mwaka 2001. Sisi tulimleta Henri Veesaar kutoka Arizona, futi saba, kwa hiyo angalau tulipata mtu wa kuwatazama machoni.

Ombi langu kwa dawati lako la michezo ni dogo. Mechi zetu zinaisha huko kukiwa bado hakujapambazuka, kwa hiyo matokeo hayawezi kuwahi gazeti la asubuhi. Yatoeni kesho yake, na mkimwandika Maluach au kijana mwingine wa kwetu aliye vyuoni huku, futi zake tumeshazijua. Tuandikieni amecheza dakika ngapi na amemkaba nani.

Msomaji wako wa zamani kutoka Ilala,
sasa Durham, North Carolina