Tunaopiga taarab bila malipo hatuharibu soko

Ndugu Mhariri,

Assalaam aleikum. Naomba nafasi kidogo kwenye safu ya barua. Kuna msomaji mwenzetu aliandika humu kwamba wanaopiga muziki bure ndo wanaoua muziki wa Zanzibar, mana wanawaharibia soko wanaoishi kwa kazi hiyo. Uchungu wake naujua ila kwa upande wa vilabu vya taarab kakosea kabisa, na mie ni memba wa kilabu, napiga fidla, kwa hiyo naongea jambo ninaloishi nalo.

Taarab ya Unguja hii imekuzwa na vilabu jamani. Ikhwani Safaa ipo toka 1905, Culture Musical Club toka 1958, na mchana watu wana kazi zao, usiku ndo wanakutana. Kwetu sisi yupo mwalimu, yupo seremala, yupo muuza samaki wa Darajani, na akikaa kupiga udi wake hakuna anayemuuliza leo kauza shilingi ngapi.

Huyo ndugu angekuja siku moja baada ya isha akaona. Mpiga kanuni, ile ala ya nyuzi inayolazwa mapajani, ndo anatangulia kufika kuliko wote, kwa sababu kanuni ina nyuzi zaidi ya 70, zimepangwa tatu tatu kwa kila sauti, na kwa unyevu huu wa bahari jana umeziweka sawa leo zimelegea, basi anainama na ufunguo wake, anakaza mmoja anasikiliza, anakaza wa pili, huku wa akodiani anampa sauti, na pembeni kuna kijana kajibanza anaangalia tu vidole. Kijana yule halipi ada. Baada ya miezi atapewa fidla ya chama akae nyuma ya wakubwa, bashraf, ule muziki wa ala tupu bila kuimba, ikianza afuate anapoweza, akipotea anyamaze mpaka aidake tena. Chuo cha muziki cha Dhow Countries Music Academy (DCMA) hapa Zanzibar kinafanya kazi kubwa na nakiheshimu, lakini kimeanza 2002, je kabla ya hapo watu walijifunzia wapi? Humo humo vilabuni, bure, na baadhi ya hao wanaolipwa mahotelini leo tumekaa nao benchi moja.

Halafu watu wanasema bure kama vile hakuna kinachopatikana. Akioa memba tunakwenda kupiga hatumtajii bei, akifiwa tunakwenda wote, hatupigi siku hiyo, tunabeba jeneza. Na usiku wa Idd mwanamama akiguswa na beti anainuka na noti yake, anakwenda taratibu kwa kufuata mdundo mpaka kwa mwimbaji, anamtunza, anarudi kukaa. Ile hela kwetu inaingia mfuko wa chama, ndo inanunua nyuzi na kulipia gari la vyombo.

Lakini kuna jambo moja nakubaliana naye. Mwenye hoteli anayeita vijana wapige usiku kucha kwa ahadi kwamba watajulikana, wakati yeye anauza chakula na vinywaji kwa sababu ya muziki ule, huyo alipe, tena alipe vizuri na kabla shoo haijaanza. Mgeni kalipia starehe, aliyemletea starehe hiyo vipi arudi kwao kwa miguu? Hilo tulisemee pamoja. Ila lawama iende kwa huyo, isije kwa mzee anayefundisha watoto wa mtaa kushika upinde wa fidla.

Na kwa wasomaji wenu, kama kuna anayesafiri kwenda Cairo au Muscat, nyuzi za kanuni hapa ni shida kuzipata, afike kilabu chochote cha taarab mjini kabla hajaondoka, pesa atapewa mkononi.

Wenu,
Mpiga fidla, Mji Mkongwe, Unguja